Nani Alilibuni Jiko la Mama?

"Mwanangu, si unasema kazi yako ni kubuni vitu? Hili jiko nani alilibuni?"

Mama aliniuliza hivyo Jumapili moja, uani kwake Morogoro, bila hata kugeuka. Alikuwa ameinama anapepea mkaa kwa mfuniko wa ndoo. Mimi nilikuwa kwenye kigoda nachambua mchele. Maharage yalikuwa jikoni tangu saa nne asubuhi, na kauri ya jiko ilikuwa imepasuka upande mmoja. Ufa ulianzia ukingoni ukateremka hadi kwenye matundu ya kupitishia majivu. Mama alikuwa ameuziba kwa udongo wa kichuguu aliouchanganya na jivu.

Nilifungua mdomo nimjibu, nikaufunga.

Nimesomea ubunifu wa vifaa kwa miaka minne. Naweza kukwambia kwamba kile kiti namba 14 cha mbao zilizopindwa kwa mvuke ni cha Michael Thonet, mwaka 1859. Naweza kukwambia kwamba ile ramani ya treni za chini ya ardhi za London, yenye mistari iliyonyooka, ni ya Harry Beck. Mitihani yangu ilijaa majina kama hayo. Lakini kifaa kilichonipikia uji tangu sijajua kusoma, kilichopo karibu katika kila nyumba niliyowahi kulala, sikujua kimetoka wapi.

Mama hakungoja jibu. Aliongeza maji kwenye maharage, mazungumzo yakahamia kwenye harusi ya binamu.

Swali nilipanda nalo basi la kurudi Dar es Salaam. Nimekaa nalo wiki sita sasa.

## Kiuno cha jiko

Nilianza kutafuta nikiamini nitapata jina moja, kama la Thonet. Nilichopata ni mikono mingi.

Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa Nairobi kuhusu vyanzo vipya vya nishati. Wakati huo familia za mjini zilipikia jiko la bati tupu, lile ambalo nusu ya joto lake linakuchoma wewe miguuni badala ya kwenda kwenye sufuria. Wakenya walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand, ambalo ndani yake kuna kauri ya kutunza joto, wakaanza kulijaribu. Jina linalotajwa mara nyingi katika habari hizi ni la Max Kinyanjui. Lakini kila nilipodhani nimemfikia mwenye jiko, nyuma yake waliibuka wengine: mafundi wa jua kali wa mtaa wa Shauri Moyo, Nairobi, wafinyanzi, vikundi vya wanawake waliopelekewa majiko ya majaribio wakayapikia na kuyarudisha na malalamiko.

Na malalamiko yalikuwepo. Kauri zilipasuka. Udongo hutanuka kwa joto kwa kiasi chake na bati hutanuka kwa kiasi chake. Ukivibana pamoja, udongo ndio unaoshindwa. Kwa hiyo jiko lililobaki, hili tunalolijua leo, lina kauri nusu ya juu tu. Kati ya kauri na bati kuna saruji iliyochanganywa na vermikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto lisitoroke. Bati lenyewe limebanwa katikati, likapanuka tena chini.

Nimeishi na umbo lile maisha yangu yote nikidhani ni pambo.

Ile sehemu ya kiuno ndiyo inayoishikilia kauri isiteremke. Na ule upana wa chini upo kwa sababu ya ugali. Mtu anayesonga ugali wa watu wanane anasukuma, anavuta, anakandamiza kwa nguvu za bega. Jiko jembamba lingepinduka na sufuria yake. Anayelijua hilo ni aliyesonga ugali, au aliyekaa chini akamtazama anayesonga mpaka akaelewa. Kalamu na karatasi peke yake hazifiki hapo.

Kule juu, vile vyuma vitatu vinavyokaliwa na sufuria ni mafiga yaleyale ya bibi zetu. Hata hapo hakuna aliyelazimishwa kujifunza kupika upya.

Jiko hilo linatajwa kupunguza matumizi ya mkaa kwa kati ya asilimia 30 na 50. Kufika katikati ya miaka ya 1990, majiko zaidi ya laki saba yalikuwa yakitumika Kenya. Wazo lilivuka mipaka: kwetu likaitwa jiko bora, Ethiopia likapewa jina la Lakech.

Wala hakuna aliyelifungia kwa hataza, ile haki ya kisheria ya kuwazuia wengine wasiige. Fundi yeyote mwenye mkasi wa bati aliruhusiwa kuliiga.

Hapo ndipo swali la mama lilipoanza kuniuma kwa namna nyingine. Likawa swali kuhusu kazi zangu mimi.

## Springi

Mwaka 2020, korona ilipoingia, shirika moja lilituomba tubuni kituo cha kunawia mikono kwa ajili ya shule za msingi. Hakikuwa kituo cha biashara. Tuliambiwa hivyo tangu kikao cha kwanza, na nilijivunia. Tulifanya kazi usiku na mchana. Tulitoa kituo kizuri: tangi la bluu, fremu ya chuma iliyopakwa rangi, kanyagio mbili, moja ya maji na moja ya sabuni, ili mtoto asiguse bomba. Kila kanyagio ilirudishwa juu na springi, na springi ile iliagizwa kutoka nje kwa sababu ya ubora.

Siku ya uzinduzi picha zilipigwa. Watoto walipanga mstari. Nina picha hizo mpaka leo.

Miezi saba baadaye nilipita kwenye shule mojawapo, njiani nikielekea kwingine, nikaomba kuona. Kanyagio zote mbili zilikuwa zimelala chini. Springi moja ilikatika wiki ya tano, mwalimu alisema, na ya pili haikuchukua muda. Walipiga simu namba iliyoandikwa kwenye tangi mara tatu. Fundi wa baiskeli wa kijijini alijaribu springi ya kiti cha baiskeli ikagoma kukaa.

"Sasa watoto wananawia wapi?" nikauliza.

Akanipeleka nyuma ya vyoo. Palikuwa na kibuyu chirizi: vijiti viwili vyenye panda, mti mmoja umelazwa juu yake, dumu la lita tano limetobolewa tundu, kamba, kijiti cha kukanyaga chini, kipande cha sabuni kimening'inizwa. Mtoto anakanyaga kijiti, dumu linainama, maji yanachirizika. Mkono haugusi kitu.

Kilikuwa kinafanya kila kitu ambacho chetu kilitakiwa kufanya.

"Hiki kamba ikikatika, darasa la nne wanafunga nyingine," mwalimu akasema. Hakuwa ananisema. Alikuwa ananieleza tu jinsi shule inavyokwenda.

Kibuyu chirizi kilienea kutoka Zimbabwe miaka ya 1980, ambako mwanzoni kibuyu chenyewe ndicho kilichotumika. Hakina tangi la kuandikwa jina la mfadhili. Nadhani ndiyo sababu hakikutajwa hata mara moja kwenye vikao vyetu, ingawa kila mmoja wetu mezani alikuwa amewahi kukiona.

Nilirudi kwenye gari nikakaa kimya. Kwa muda mrefu nilijiambia kosa lilikuwa springi. Ningechagua springi bora zaidi, mambo yangekaa sawa. Imenichukua miaka kukubali kwamba kosa lilianza siku tuliyopokea wazo bila kwenda kukaa shuleni hata asubuhi moja. Tulikuwa na nia njema kabisa, na nia njema ile ilitufanya tusijihoji. Mtu anayeuza anaogopa mteja atakataa. Sisi tulikuwa tunagawa bure. Nani angekataa?

## Bembea ya kuvuta maji

Wasomaji wa taaluma yangu wanaijua habari ya PlayPump ya Afrika Kusini, lakini nairudia kwa sababu kuna kipande chake kimoja ambacho huwa kinarukwa.

Wazo lilikuwa tamu: bembea ya kuzunguka iliyounganishwa na pampu ya kisima. Watoto wanacheza, maji yanapanda kwenye tangi. Mwaka 2000 lilipata tuzo ya Benki ya Dunia. Mwaka 2006 serikali ya Marekani na wafadhili binafsi walitangaza ahadi ya dola milioni 16.4, na lengo likawekwa: pampu 4,000 kufika mwaka 2010. Haikufika. Mwaka 2009 gazeti la Guardian la Uingereza lilipiga hesabu kwamba ili kituo kimoja kitoe maji kwa idadi ya watu waliotajwa, watoto wangepaswa kucheza saa 27 kwa siku. Vijijini, watoto walipochoka, mama zao ndio waliokuwa wakiisukuma ile bembea kwa mikono, wameinama, mbele za watu.

Kipande kinachorukwa ni cha fedha. Tangi lilijengwa juu likiwa na pande nne za matangazo. Mpango ulikuwa kwamba kampuni zitalipia matangazo ya pande mbili, na fedha zitalipia matengenezo. Kwenye vijiji vingi watangazaji hawakuja. Nani atangaze bidhaa kwenye kijiji ambacho wakazi wake hawana cha kununulia? Kwa hiyo pampu ikiharibika ilibaki imeharibika, huku mafundi wa kijiji wakijua kurekebisha pampu ya mkono ya zamani ambayo mahali pengine ilikuwa imeshang'olewa kupisha bembea.

Kwenye karatasi, faida ilikuwa imepangiwa mahali. Ila haikupangiwa mkononi mwa mtu yeyote anayeishi karibu na kisima.

## Faida ya nani?

Hapa nabadilisha msimamo niliokuwa nao kwa miaka kumi.

Nimezoea kugawa kazi zangu mafungu mawili: za kulipa kodi ya nyumba na za kusaidia jamii. Kwenye fungu la pili neno "faida" lilikuwa kama uchafu. Lakini jiko la mama halikuenea kwa sababu watu walijitolea. Lilienea kwa sababu fundi wa bati alipata chochote, mfinyanzi wa kauri akapata chochote, mwenye mkokoteni akapata, na mama wa gengeni aliyeyapanga majiko sita mbele ya kibanda chake akapata. Wengi waliingia, wakashindana, bei ikashuka mpaka mtu wa kipato cha chini akalifikia. Walioanzisha wazo walifundisha watu na kuwaachia.

Faida ilikuwepo. Waliochora jiko ndio hawakuizungushia uzio.

Ninaposema hivi naiona ile kauri ya mama iliyopasuka, na najua nina deni la kueleza. Jiko lisilo na mwenyewe halina pia wa kumshitaki. Lile la mama alilinunua mwaka jana tu. Kauri zisizochomwa vizuri zimejaa sokoni, zinapakwa rangi nyekundu zipendeze, baada ya miezi michache zinafunguka. Je, angekuwepo mwenye hataza akalinda ubora, mama asingepata hasara ile?

Nilipofika hapo nilikwama siku kadhaa.

Nilimkumbuka Jonas Salk. Mwaka 1955, alipoulizwa nani anamiliki hataza ya chanjo yake ya polio, alijibu kwamba ni ya watu, hakuna hataza, kisha akauliza kama jua linaweza kuwekewa hataza. Jibu hilo linapendwa sana. Lakini mwaka huohuo, kiwanda kimoja cha California kilitoa chanjo ambayo virusi vyake havikuwa vimekufa vyote. Watu wapatao 200 walipooza, 10 wakafariki. Chanjo ilikuwa huru, na bado palihitajika jicho la kukagua kila chupa. Serikali ya Marekani ilikaza ukaguzi baada ya hapo.

Kwa hiyo kutolifungia jiko kulikuwa sahihi, nalisema bila kusita. Kilichokosekana ni jicho.

Jicho hilo nilikutana nalo kwenye kibanda cha fundi. Nitafika huko.

## Mtungi wenye kitambaa

Kuna mtu atakuwa ameshakasirika: mwaka huu, bado tunasifia jiko la mkaa?

Namwelewa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi na hewa chafu ya majumbani viliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Misitu yetu tunaiona inavyokwenda. Ukisafiri usiku barabara ya Morogoro unayaona malori ya magunia. Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waifikie kufika mwaka 2034. Nauunga mkono. Nimekohoa sana utotoni.

Mama ana mtungi wa gesi wa kilo sita. Nilimnunulia mimi. Umekaa pembeni ya kabati, umefunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe. Asubuhi anachemshia chai. Maharage, kamwe.

Nilimuuliza kwa nini, mara hii nikiwa nimekuja kusikiliza.

"Gesi ikiisha inaisha yote, mwanangu. Inaniishia usiku, na mwenye duka anataka hela yote kwa mkupuo. Mkaa hata nikiwa na elfu moja nalala nimekula."

Kwa hiyo tatizo la mtungi wangu lilikuwa jinsi ya kulipia. Zipo mita zinazofungwa juu ya mtungi, mtu analipia kwa simu kiasi alichonacho, hata cha chai mbili. Aliyebuni ile mita alielewa mfuko wa mama kuliko mimi mwanawe. Siku itakapofika mtaani kwake, nadhani maharage yatahama. Mpaka siku hiyo anapikia mkaa, na kila siku anayopikia mkaa anastahili jiko linalokula mkaa kidogo.

Sikubaliani na wanaosema tusilitengeneze jiko la leo kwa sababu kesho kuna gesi. Chakula cha mchana ni cha leo.

## Vidole viwili

Jumamosi iliyopita nilirudi Morogoro. Nikalibeba jiko mpaka kwa fundi karibu na soko la Mawenzi, mama akifuatana nami kwa sababu hakuniamini kwenye bei.

Fundi ni mzee. Tulimwamkia, akalipokea jiko, akaligeuza, akatia kidole kwenye ufa.

"Hii haikuiva," akasema. Akachukua kauri mbili kutoka kwenye rundo, akazigonga kwa kifundo cha kidole. Ya kwanza ililia kama chungu kizuri. Ya pili ikatoa sauti ya tofali bichi. "Mama, ukienda kununua, gonga. Ikinyamaza, iache."

Mama akazigonga zote mbili mwenyewe. Kisha akaanza kugonga zilizobaki kwenye rundo, moja baada ya nyingine, akizitenga. Fundi hakumzuia.

Wakati kauri mpya inapangwa, nilimwambia mama nilichokipata: Thailand, mkutano wa Nairobi, Shauri Moyo, wale wanawake waliorudisha majiko. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe walikuwa wanauliza watu," akasema.

"Walikuwa wanauliza."

Akafikiri kidogo. "Basi ungekuwepo ungewaambia huu mlango wa majivu ni mdogo. Kijiko hakiingii. Kila siku napindua jiko zima kumwaga jivu, ndiyo maana kauri inalegea."

Miaka yote hiyo mama amekuwa na hoja ya ubunifu, na hakuna aliyewahi kumuuliza, nikiwemo mimi.

Nilitaka kusema nitalichora, nitalipima, nitarudi nalo. Fundi alikuwa ameshasikia. Alilivuta jiko kwake, akaweka vidole viwili ubavuni mwa mlango.

"Hapa inatosha?"

"Ongeza kidogo," mama akasema.

Akachukua mkasi wa bati, akakata.